Mkono wa Nne wa Jeneza

Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, iliyoangukia tarehe kumi na tisa Aprili, kijiwe cha Kafar Warda kilikuwa na wazee wanne, birika moja la kahawa isiyotiwa sukari, na tatizo ambalo halikuwahi kukifika kijiji hicho cha milima ya Lebanoni tangu kanisa lake la Mtakatifu Nuhra lilipowekwa wakfu mwaka 1871. Kijiwe chenyewe ni benchi la jiwe lililoegemea ukuta wa kanisa, mkabala na kibanda cha kahawa. Na siku hiyo kengele iliyo juu ya vichwa vya wazee hao ilikuwa imefungwa kamba tangu jioni ya Alhamisi, kama inavyofungwa kila mwaka, isilie mpaka ibada ya Ufufuko. Ndani ya kanisa wanawake walikuwa wakilipamba kwa maua ya kondeni jeneza la Bwana linalotembezwa kila Ijumaa Kuu. Jeneza hilo lina mikono minne, na kwa desturi ya Kafar Warda haliwekwi begani mwa mtu yeyote ila yule aliyezika mtu wa nyumba yake tangu Pasaka iliyopita. Maana, husema wenyeji, aliyezika ndiye ajuaye uzito. Mwaka huo mauti yalikuwa yamepita kijijini kivivu: waliozika walikuwa watatu tu.

Watatu hao wote walikuwa pale kijiweni. Wa kwanza alikuwa Tannus kinyozi, aliyesoma seminari akaondolewa kwa sababu ambayo huieleza upya kila anapoulizwa, naye huitwa Kardinali. Alimzika mama yake mwezi wa Oktoba. Wa pili alikuwa Asad, dereva wa teksi mstaafu, aitwaye Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Alimzika kaka yake. Wa tatu alikuwa Habib, mwenye kibanda, aitwaye Siki kwa jinsi uso wake ulivyokunjamana. Alimzika mkewe, Salma, siku ya pili baada ya Krismasi.

Wa nne alikaa ukingoni mwa benchi, fimbo katikati ya magoti. Huyo hakuwa na jina la utani. Aliitwa Abu Nasri, kwa jina la mwanawe wa pekee, na watu walilitamka jina hilo kwa uangalifu, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

— Padri wetu, Abuna Mtanios, amesema ubao ukigongwa anataka mabega manne, alisema Siki akimimina kahawa. Hataki matatu, hataki matano. Manne.

— Na akipewa matatu na nusu? aliuliza Redio. Bega langu la kushoto lilikufa kwenye ajali ya Batrun.

— Kilichokufa kwenye ajali ya Batrun ni akili, alisema Kardinali. Bega lilipona.

— Haya, cheka. Lakini mnaonaje Jirjis? Juzi juzi tu kazika.

— Kazika nani Jirjis?

— Si yule nyumbu wake.

— Asad! Leo ni Ijumaa Kuu!

— Najua ni Ijumaa Kuu, tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni zaidi ya kahawa na tone la siki, kama aliyonyweshwa Bwana! Nasema hivi: desturi inataka mtu wa nyumba. Yule nyumbu alikuwa akila kabla ya mke wa Jirjis. Sasa nani alikuwa mtu wa nyumba pale?

Siki, ambaye tangu Krismasi alikuwa hajacheka, alikohoa ndani ya kikombe.

— Farid je? alisema. Kaka yake kafia Kanada.

— Farid alizika kwa simu, alisema Kardinali. Kaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, kawasha mshumaa, kalia mpaka chaji ikaisha. Maskini, hata kaburi hakuliona likifukiwa. Aliyezika ndiye ajuaye uzito. Simu ina uzito gani?

— Basi mkuu wa kijiji, Mukhtari. Alizika uchaguzi.

— Redio, zima.

Abu Nasri aliwasikiliza bila kuinua uso. Alikwisha kutambua jambo moja: walikuwa wakizitaja nyumba za kijiji moja baada ya nyingine, za juu na za bondeni, wakafika mpaka kwenye zizi la Jirjis, na kila mara nyumba yake yeye waliiruka kama watu wanaoruka kidimbwi njiani.

— Tatizo lenu, alisema Kardinali akijiweka sawa kama aliyekalia kiti cha enzi, mnadhani hili jeneza ni mzigo wa kupakua. Hizi siku mnazihesabu vibaya. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mpaka usiku wa Ufufuko, kwa Kanisa si siku mbalimbali. Ni ibada moja. Jana Abuna alipomaliza kuwaosha miguu wale vijana, mlimsikia akiwaambia nendeni kwa amani?

— Nilimsikia Tanyusi mdogo akicheka, katekenywa nyayo, alisema Redio.

— Hakusema! Kwa sababu haijaisha. Tumo ndani ya ibada hiyo hiyo mpaka sasa. Hapa tulipo, tunakunywa kahawa kanisani.

— Ndiyo maana inakuwa chungu, alisema Redio. Sasa mimi nikueleze kwa nini kengele hufungwa, hilo hawakuwafundisha seminarini. Kengele ni shaba. Misumari ile ilikuwa chuma. Shaba na chuma ni ndugu, wametoka tumbo moja la ardhi. Ndugu yako akifanya aibu kubwa, wewe unapata wapi mdomo wa kupiga kelele? Unanyamaza. Kengele haikufungwa, bwana. Imeona haya.

— Imeandikwa wapi hiyo?

— Kwenye teksi yangu. Na ubao ndio hugongwa badala yake kwa sababu mti ulilazimishwa tu, haukuwa na hiari. Mti ni shahidi wa serikali. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo methali inahusu nini hapa?

— Inahusu mbao.

Siki alivijaza tena vikombe vidogo. Alipofika kwa Abu Nasri alimwaga kidogo juu ya kisahani, akapangusa kwa kidole, kisha akabaki amesimama na birika mkononi.

— Mimi Ijumaa hainitishi, alisema. Ijumaa mtu unajua uko msibani. Unavaa nyeusi, watu wanakuja, wanakwambia Mungu akupe subira. Inayonimaliza mimi ni Alhamisi. Wale walikaa mezani wakala, wala hawakujua ni mlo gani ule. Mimi na Salma tuligombana juu ya chumvi. Chumvi! Nikamwambia, mama, unataka kuniua kwa presha. Akaniambia, basi kesho jipikie. Ningejua ningeila ile chumvi kwa kiganja.



Abu Nasri alikiona tena chakula cha mchana cha siku ya Sikukuu ya Msalaba, Jumatano, tarehe kumi na nne Septemba 1983. Ilikuwa ngano iliyopikwa kwa nyanya, na tini za mwisho za mwaka. Nasri, wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekula matonge mawili matatu alipokumbuka kwamba mafuta ya taa ya kuwashia moto wa sikukuu hayatoshi. Aliinuka. Mama yake akamwambia kwanza amalize. Akasema: "Niwekeeni, narudi sasa hivi." Chini, kwenye barabara ya mtoni, watu wenye bunduki waliweka kizuizi, wakamteremsha garini, gari likarudi bila yeye. Mwaka ule mlima wote uliwaka mioto ya Msalaba, kilele kwa kilele, isipokuwa Kafar Warda. Tangu siku hiyo mkewe Zahiya, aitwaye Um Nasri, yaani mama Nasri, huweka sahani tatu mezani. Ya tatu ina ukingo wa buluu uliomeguka kidogo. Huipakua, huifunika, na jioni huiondoa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, serikali ilisema anayetaka kumwandikisha mtu wake aliyepotea kuwa ni marehemu, aje. Wengine walikwenda. Abu Nasri alifika mpaka mlango wa ofisi, akarudi na basi lilelile.

— Jamani, muda unakwenda, alisema Kardinali. Hao wanawake wanakaribia kumaliza maua.

— Mimi nimepata dawa! Redio alipiga paja. Hatuhitaji mtu. Tunatwaa jiwe zuri la mtoni, tunalifunga kwa kamba pale kwenye mkono wa nne, jeneza linakaa sawa, mwendo mdundo. Wahenga hawakuacha kitu: asiye na mwana aeleke jiwe!

Neno lilikwisha kutoka. Redio mwenyewe alilisikia likianguka, akafungua mdomo kulifuata, asijue alikamate wapi. Siki aliliweka birika chini. Kardinali alianza kuzihesabu kucha zake.

— Mimi ninaye, alisema Abu Nasri.

Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayesahihisha tarehe.

— Nisamehe, Abu Nasri, nisamehe ndugu yangu, Redio alivua kofia. Huu mdomo ungeuzwa ningekwisha uuza. Sikukusudia wewe. Nilikusudia jiwe.

— Najua.

— Lakini maadamu nimekwisha haribu... Redio aliikunjakunja kofia. Kardinali, usinikanyage mguu, acha nimalize. Abu Nasri, sisi tumekua pamoja. Kila Ijumaa Kuu unakaa hapo mwishoni, jeneza linapita mbele yako, unasimama, unakaa. Wewe huna wa kumzika na huna wa kumpokea. Kijiji hiki hakijapata kuja kwako kukupa pole! Tungekuja vipi? Tungesema nini? Mkono wa nne ni wako, bwana. Ubebe mara moja. Upumzike.

— Redio! alisema Kardinali.

— Kwani mimi nimesema uongo?

Kardinali alimgeukia Abu Nasri. Alipojibu, alikuwa ameacha kiti cha enzi.

— Hujasema uongo. Ila ajue maana yake. Abu Nasri, nisikilize. Jeneza likifika kaburini, pale ukutani mwa kanisa, Abuna husoma majina ya wale ambao wabebaji wamewazika. Atasoma la mama yangu, la kaka yake Redio, la Salma. Ukibeba, atasoma na la Nasri. Halafu jioni watu watakuja kwako na kahawa chungu. Ndiyo hivyo. Yatakuwa yamekwisha.

— Nilipombeba Salma, alisema Siki polepole, nilielemewa, nikadhani nitaanguka pale kwenye ngazi. Lakini nilijua yuko wapi, kaka. Alikuwa hapa. Siki aliligusa bega lake mwenyewe. Sasa najua yuko wapi. Inasaidia. Sikudanganyi, inasaidia.

Mzigo wa mwenzio, husema Waswahili, ni kanda la usufi. Lakini hawa watatu hawakuwa wakiuona mwepesi mzigo wa Abu Nasri. Walitaka kumtua. Naye aliutambua upendo wao, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu bega lake lilitaka. Alikuwa mtu wa miaka sabini na tisa. Alichoka kushtuka simu inapolia. Alichoka kuwatazama usoni wanaume wa makamo wanaoshuka kwenye mabasi. Alitaka, mara moja tu, kuwekewa uzito wenye mwanzo na mwisho, aubebe kutoka hapa mpaka pale, asikie jina likisomwa, aende nyumbani. Na nyumbani, mezani, angeikuta sahani. Angemwambia nini Zahiya? Angemwambia iondoe?

Ndipo mlango wa kanisa ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye majani mabichi yaliyomganda mikononi. Alikuwa Jasinta, wa miaka kama arobaini, mjukuu wa watu wa kijiji waliohamia Brazili mwaka 1926. Alikuja kuiona nyumba ya babu yake, akaikuta imebaki kuta na mtini uliomea jikoni, na wanawake wakamchukua kwenda kuchuma maua. Kiarabu chake kilikuwa cha bibi yake: kizee, chenye mapengo, na kitamu kusikiliza.

— Ami zangu, naweza kupata maji?

— Maji yapo, kahawa ipo, alisema Siki. Ila ni chungu. Leo hatutii sukari.

— Chungu ni sawa.

Siki alilikung'uta birika. Kilitoka kikombe kimoja, nusu yake mashapo. Jasinta alikinywa akiwa amesimama, akitazama mlangoni, mahali ambapo jeneza lilionekana kama kilima kidogo cha maua mekundu na ya manjano.

— Um Nasri amenionyesha kila kitu, alisema. Jinsi ya kuyasuka. Mahali pa kaburi, pale kwenye ukuta. Amesema mnambeba, mnamweka ndani, mnaimba, halafu mnarudi kwa ajili ya mishumaa na Ufufuko. Nimeelewa. Kitu kimoja tu sijaelewa.

— Uliza, binti yangu, alisema Kardinali, akikitafuta tena kiti chake. Uliza bila woga.

— Mkishamzika leo, kesho nani anakaa naye?

Kardinali alifungua mdomo.

— Kesho, alisema, kesho ni Jumamosi Kuu. Vitabu vinasema kwamba siku hiyo Kanisa hukaa kando ya kaburi la Bwana, likingoja.

— Kanisa gani? aliuliza Siki. Abuna hufunga mlango kwa ufunguo. Mimi huuona ufunguo ukining'inia kiunoni mwake, anakuja hapa kunywa kahawa.

— Kanisa kwa maana ya watu.

— Watu gani? Kesho wanawake wanaoka maamuli, vileja vya Pasaka.

— Mimi kesho naosha gari, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuona haya kwa jambo ambalo hakulisema vibaya.

— Kwa hiyo hakuna, alisema Jasinta. Hakuwa akiwalaumu. Alikuwa akiuliza kama anayeuliza njia. Yuko peke yake siku nzima, na hakuna anayejua kama atarudi?

— Sisi tunajua, alisema Kardinali. Tunajua mwisho wake.

— Lakini wale wa siku ile. Mama yake. Alijua?

Redio alimtazama Kardinali, Kardinali akamtazama Siki, Siki akalitazama birika, lililokuwa tupu. Kutoka upande wa nyuma wa kanisa, ubao ulianza kugongwa kwa nyundo, pigo kavu lisilo na mwangwi, likafuatiwa na jingine.

Watatu waliinuka. Walisimama mbele ya Abu Nasri wakingoja, na hakuna aliyempa mkono, kwa sababu hilo lingekuwa kumvuta. Abu Nasri aliinuka pia. Aliingia nao kanisani mpaka jeneza lilipo, akasimama kwenye pembe ya nne, akauweka mkono wake juu ya ule mti uliosuguliwa na mabega ya watu waliokwisha kufa. Zahiya alikuwa ng'ambo, na ua la mwisho mkononi. Alimwona. Ua lilibaki hewani bila kupelekwa popote.

Abu Nasri aliuondoa mkono.

— Mbebeni nyinyi, alisema.

Walibeba watatu, Kardinali na Redio mbele, Siki nyuma. Jeneza liliinama kwenye pembe isiyo na mtu, na njia nzima, kuuzunguka uwanja, kupita kwenye chemchemi na kurudi, maua yaliteleza kutoka pembe ile yakidondoka moja moja juu ya mawe. Zahiya aliyafuata nyuma akiyaokota ndani ya aproni yake. Kaburini Abuna Mtanios alisoma majina matatu. Baada ya jina la Salma alinyamaza kidogo, kana kwamba nafasi ilikuwapo, kisha akaendelea.

Watu walikwenda majumbani kula dengu kwa siki. Abuna alipokuja na ufunguo alimkuta Abu Nasri amekalia kigoda cha Siki mbele ya kaburi, fimbo katikati ya magoti.

— Nenda nyumbani, ami. Imekwisha.

— Tannus kinyozi anasema haijaisha.

— Lazima nifunge.

— Funga, Abuna. Mimi nipo.

Abuna aliupimapima ufunguo kiganjani, halafu akauacha juu ya benchi la nyuma, akaenda zake.

Hivyo ndivyo Jumamosi ilivyomkuta. Kaburi lilinyamaza na kengele ilinyamaza, na kijiji kilinukia siagi na maji ya maua ya michungwa kutoka kila jikoni. Kabla ya adhuhuri Redio alitokea mlangoni, mikono yake ikiwa bado na povu la kuoshea gari. Aliangalia ndani. Alivua kofia, akakaa kwenye kizingiti, wala hakusema neno. Na waliopita uwanjani walisimama kumtazama, wakidhani anaumwa.

Akainuka tu kumpisha Um Nasri.

Um Nasri aliingia polepole, akiangalia anapokanyaga, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Aliketi kando ya mumewe juu ya jiwe la ngazi. Alichokibeba alikiweka kati yao, kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa, na chini ya kitambaa Abu Nasri aliuona ukingo wa buluu, na pale ulipomeguka. Sahani hiyo ilikuwa haijavuka kizingiti cha nyumba yao tangu mwaka 1983.

Walikaa hivyo, wakilitazama kaburi.

— Kimepoa? aliuliza Abu Nasri.

Zahiya aliingiza mkono chini ya kitambaa, akagusa.

— Bado cha moto, alisema.